Bwana Jiko na Glavu za Wafadhili

Nilikuwa dukani hapa Kitale nikibadilisha mtungi wa gesi, muuzaji aliponiambia kwamba Bwana Jiko ametutoka. Jina lake halisi sitalitaja, na hata wengi waliomlia kule Bungoma hawakulijua. Kwa miaka mingi aliajiriwa na mradi wa wafadhili, akizunguka vijijini kugawa majiko. Wafadhili wakibadilisha mawazo, naye alibadilisha jiko. Alileta la kupikia kwa jua, akalisifu wiki nzima ya mvua huku maharagwe yamekaa ndani yake kama wageni waliofika mapema. Akaleta mtambo wa gesi ya samadi, akawagawia watu wasio na ng'ombe. Kila jiko alilipenda kwa moyo wote, kama mtu aliyeoa jana. Nyumbani kwake mtaani Tuwan, hapa hapa Kitale, alipikia mtungi wa gesi kama mimi, na ukimuuliza alikujibu bila haya, "Kinyozi hajinyoi, bana."

Siku ninayomkumbukia zaidi ni ile ya Malakisi, kule Bungoma. Huko miti mingi iliishia kukaushia tumbaku, na akina mama walikuwa wakienda mbali kutafuta kuni. Safari hiyo jiko lenyewe lilikuwa zuri: la bati, lenye moshi kidogo, linaloridhika na vijiti vichache. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Lilikuwa jepesi, na aliyelibuni huko kwao hajawahi kusonga ugali wa watu kumi. Wageni kutoka ng'ambo walikuwa wamekuja kujionea kabla ya kuamua kama mradi uendelee. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mwanamke asiyejua kufanya jambo polepole, akainjika sufuria, akamimina unga, akashika mwiko. Jiko likaanza kucheza.

"Nani anashika?" aliuliza bila kuinua macho.

"Mama, songa polepole kidogo," Bwana Jiko alimnong'oneza.

"Polepole ni uji. Si ni wewe umeleta hii kitu? Shika. Ugali haingoji."

Bwana Jiko akachuchumaa na suti yake, akaikamata miguu ya jiko kwa kitambaa cha mfukoni, akawatabasamia wageni huku jasho likimdondoka kidevuni. Akina mama walijiziba midomo kwa leso. Wageni walipiga picha, wakala ugali na kuku, wakashukuru sana. Nilikuwa nimeenda kutafuta habari, kwa hiyo baadaye nilimuuliza kwa nini hakuwaambia kwamba jiko linaanguka.

"Mwandishi, nikisema hili ni baya, unadhani wataleta zuri? Watafunga virago wapeleke pesa kwingine. Afadhali hawa mama wapate jiko la kushikiliwa."

Mradi uliendelea. Shehena iliyofuata ilikuwa ya majiko yale yale, mepesi vile vile, ila kila moja lilikuja na jozi ya glavu nene za ngozi. Wageni walikuwa wamejionea wenyewe kwamba jiko la Malakisi hupikiwa na watu wawili, mmoja wa kusonga na mmoja wa kushika, na huyo wa pili walimhurumia mikono.

Tulicheka miezi. Lakini nikifikiri vizuri, wale wageni walijibu walichoonyeshwa. Sisi ndio tunaofagia njia, tunachinja kuku na kushukuru kabla hatujaulizwa kitu. Mtu anayeshukuru hivyo, nani atajisumbua kumwongezea jiko lake uzito?

Wiki iliyopita tulimzika Bwana Jiko kwao Kiminini. Akina mama wa Malakisi walikodi gari wakaja kusaidia kupika. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nilimkuta mwenyekiti akiepua sufuria kubwa kwenye mawe matatu, katikati ya moshi, mikononi amevaa zile glavu. Nikamuuliza jiko liko wapi.

"Kuku analalia mayai ndani. Lakini hizi glavu, mwandishi, huu ndio ulikuwa msaada."

Wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Kisha akajipangusa macho kwa kifundo cha mkono, na sikujua kama ni moshi au ni msiba. "Alikuwa mtu mzuri," akasema. "Lakini siku ile si angeliachilia tu lile jiko."

Nimerudi Kitale na maneno hayo. Nikiletewa msaada unaoyumba nitashukuru, maana nimelelewa hivyo. Halafu nitaondoa mikono, uanguke aliyeuleta akiwa bado anatazama.