Kiongozi wa Kundi

Shule niliiachia kidato cha pili, lakini pale chuoni Kasulu hakuna aliyeniuliza. Nilikuja na kibarua cha kupaka rangi kuta za darasa. Rangi ilipokwisha, nikaendelea kuja. Nilisikiliza nadharia za jamii, nikasikiliza ujasiriamali, na Jumatano nikakaa mbele kwenye modeli za kihisabati. Kwa kuwa niliuliza maswali kuliko wote na nilishaanza kuota mvi, wanafunzi walidhani mimi ni mwalimu wa sekondari aliyekuja kujiendeleza. Wakanipa uongozi wa kundi.

Kazi yetu ilikuwa kuunda mlinganyo wa kukadiria bei ya maharage ya Kibondo, mkulima ajue auze lini. Dada mmoja aliyetoka Murungu, hukohuko Kibondo, mwenzetu kundini, alitaka tuingize na shida za nyumbani kwa mkulima. Nilikataa. Niliona atatuharibia mlinganyo.

Siku ya kuwasilisha nilieleza mimi. Nilipomaliza, mhadhiri, mama mmoja mkali, akafungua kompyuta.

"Namba yako ya usajili?"

Nikakohoa.

"Braza, mtajie basi," akasema kijana wa nyuma. "Au uzee umeshaingia kichwani?"

Darasa likacheka. Mhadhiri hakucheka.

"Sina, madamu. Mimi si mwanafunzi."

Kicheko kikakatika.

"Toka nje. Na ninyi mliobaki, aje mmoja aeleze mlinganyo huu sasa hivi. Akishindwa, kundi zima sifuri, mtarudia somo mwakani."

Nilitoka nikasimama chini ya dirisha. Kisha nikasikia dasta ikipita ubaoni.

"Wewe binti, mbona unafuta?"

"Hapa tulikosea, madamu." Alikuwa yule dada wa Murungu. "Tumedhani kila mkulima anaweza kusubiri bei ipande. Kwetu mtoto akiugua, gunia linauzwa siku hiyohiyo."

"Haya. Hilo unaliandikaje kihisabati?"

Nikashika nondo za dirisha. Mimi nisingejua. Yeye akaanza kuwagawa wakulima mafungu mawili, wanaoweza kusubiri na wasioweza, na chaki ikaanza kugonga ubao. Nilikuwa nimejiinua kwa vidole vya miguu nione alichoandika, mlinzi akanishika bega.

"Mzee, twende getini."

Jioni ujumbe wa yule dada ukaingia kwenye simu yangu: "Tumepita. Jumatano usije, mlinzi ameshaambiwa."

Nikamjibu palepale: "Hao wasioweza kusubiri, uliwaandikaje?"

Nikaona ameusoma. Hakujibu.