Siku Eli Kalmakoff Alipobebeshwa Sufuria

Kwa Eli Kalmakoff, betri ilikuwa na maisha yake kama mtu. Ikitoka dukani huenda kwanza kwenye redio ya kifuani, ile tunayoifunga chini ya koti tukipanda mlimani wakati wa theluji. Haiimbi wala haisemi. Inatoa mawimbi tu, ili theluji ikiporomoka ikakufukia, wenzako wakutafute kwa redio zao na kukufukua ungali hai. Kazi hiyo ni ya betri kijana. Ikianza kuchoka, Eli anaistaafisha kwenye taa ya kichwani anayovaa akienda kuchukua kuni. Ikichoka tena inahamia banda la kuku, kwenye redio ndogo, kwa sababu Eli anaamini mbweha akisikia watu wanabishana habari za siasa hasogei. Mwisho kabisa inaangukia kwenye rimoti ya Florence, mkewe, ambaye akitaka kubadilisha stesheni hulazimika kuinuka na kuisogelea televisheni kama anayekwenda kuidunga sindano.

Kila betri ilipohama, Eli aliitia nukta ya rangi ya kucha. Rangi ilikuwa ya Florence. Florence alisema hajapaka kucha tangu kiwanda cha mbao kifungwe, maana rangi yote imekwenda kwa betri.

Hapa bondeni kwetu hakuna aliyemcheka Eli mbele yake kuhusu jambo hilo, kwa sababu ya sufuria.

Barabara ya malori ya magogo inapoishia na msitu kuanza, pana nguzo moja ya geti la zamani. Kila tukipanda kwenda kwenye kibanda chetu cha mlimani, aliye mgeni zaidi katika kundi anasimama kwenye nguzo hiyo na redio yake ya kifuani ameigeuza isikilize, na sisi tunampita mmoja mmoja kwenye mbao zetu za kutelezea. Redio yako isiposikika, au namba ya nguvu ya betri kwenye kioo chake ikiwa chini ya sitini kwa mia, hugombezwi. Unaweka betri mpya, halafu unabebeshwa sufuria. Ni sufuria ya chuma ya mama yake Florence. Supu hupikwa siku iliyotangulia na kuachwa barazani usiku kucha igande kama jiwe, isije ikamwagika njiani. Ukiibeba mgongoni mpaka kibandani, hutasahau betri tena.

Nadine, dereva wa basi la shule, aliibeba mwaka ule alipoweka betri za kuchaji. Mimi niliibeba kwa kuchanganya mbili mpya na moja kuukuu. Eli hakuwahi kuibeba. Yeye alitembea nyuma ya aliyebeba na kumpa somo, kwa upole, mlima mzima.

Somo alilolipenda kuliko yote ni la lithiamu. Alisema lithiamu ni betri nzuri sana kwa taa ya kichwani, nyepesi, na baridi haiisumbui. Lakini redio ya kifuani kama ile yake, ya zamani, imefundishwa kuhesabu betri za alkali tu. Alkali huchoka kama mtu wa kawaida, unamwona anavyopungua. "Lithiamu ni kama mgeni mlevi," alikuwa akisema. "Ukimuuliza, mzima. Ukimuuliza tena, mzima. Mara yuko chini ya meza."

Basi mwanawe Trevor akaoa. Alimwoa Janelle, msichana wa Saskatchewan, nchi tambarare ambayo wanasema mbwa wako akitoroka unaendelea kumwona siku mbili nzima. Janelle aliiogopa milima, na hakuficha. Lakini alimpenda baba mkwe wake tangu siku ya kwanza, na Krismasi yao ya kwanza alimletea zawadi: pakiti kubwa ya betri za lithiamu, za bei ya juu kuliko zote dukani. Alikuwa amesikia kwamba Eli anapenda betri.

Florence ndiye aliyenisimulia. Trevor alianza kutazama dari. Eli aliishika ile pakiti kwa mikono miwili, akasema hajawahi kupewa zawadi ya namna hii, na hapo hapo, Janelle akimtazama, akafungua redio yake ya kifuani, akatoa alkali zake na kutia zile.

Alikusudia kuzitoa kesho yake. Lakini kesho yake Janelle aliuliza, "Baba, betri zinaendeleaje?" Eli akaiwasha redio wakaangalia pamoja. Tisini na tisa. Kila Jumapili aliyokuja kula aliuliza, na kila Jumapili ilikuwa tisini na tisa. Janelle alifurahi kama mtu anayeoneshwa ripoti ya mtoto wake shuleni. Mwisho Eli akashindwa kabisa kuzitoa. Mtu aliyetufundisha sote habari za mgeni mlevi akawa anamkaribisha kila wiki.

Kitu kingine alichoshindwa kusema ni habari ya supu. Janelle alijifunza mwenyewe kupika borsh ya kwetu, au alivyodhani ni ya kwetu. Sisi borsh yetu ni ya kabichi, siagi na malai, na rangi yake ni ya machungwa. Ya Janelle ilikuwa na bitiruti nyingi mpaka ikawa zambarau kama mtu aliyegongwa jicho. Eli alikula bakuli zima na kusema imemkumbusha mama yake. Florence alinong'ona kwamba huenda imemkumbusha mazishi ya huyo mama.

Mwezi wa pili Janelle akatangaza kwamba atapanda nasi kibandani. Alifanya mazoezi ya redio na koleo uwanjani kwao mpaka akamshinda Trevor. Aliniambia waziwazi kwamba anaenda kwa sababu Baba yupo, na Baba hakosei. Ndiyo maana Eli hakulala vizuri. Alipanga kubadilisha betri asubuhi ndani ya gari, peke yake, kimyakimya. Ila Janelle alikataa kupanda gari la Trevor. Alikaa pembeni ya Eli njia nzima, na sufuria ya borsh yake imeganda magotini. Hata Eli aliposhuka kwenda kukojoa, Trevor alikuwa amesimama upande wa pili wa mti huohuo.

Kabla ya kufunga koti, Eli aliangalia namba. Tisini na tisa. Akashusha pumzi.

Kwenye nguzo, mgeni alikuwa Janelle. Alisimama na redio yake mkononi, ameiweka mbali na simu kama alivyofundishwa, uso ameukaza kama askari wa mpakani. Nadine akapita, ikalia. Mimi nikapita, ikalia. Trevor akapita, ikalia. Eli akapita, kimya.

Janelle akamwambia arudi apite tena. Akapita tena. Kimya. Eli akafungua koti. Kioo cha redio kilikuwa cheusi.

Nadine ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. "Mwalimu," akasema, "leo somo linahusu nini?" Trevor naye akauliza kama tumtafutie baba yake kazi ya rimoti. Mimi nilimtazama Eli, na nikaona haangalii mtu yeyote isipokuwa Janelle, ambaye alikuwa ameanza kupauka na kuutazama mlima.

Eli akajikohoza. Akasema kosa ni lake. Uzee umemwingia. Asubuhi alichukua betri za banda la kuku kwa haraka akidhani ni mpya.

Sijui kama mnaelewa uzito wa maneno hayo. Ni kama mpiga kengele wa kanisa kusema hajui saa. Nadine aliacha kucheka. Eli akageuka upande, akavua glavu na kufungua kifuniko cha redio, mwili wake umeikinga tusione. Lakini vidole vyake vilikuwa na baridi, na betri moja ikaponyoka ikaanguka kwenye theluji, miguuni pa Janelle.

Janelle akaiokota. Haikuwa na nukta hata moja. Akaipangusa, akasoma jina lililoandikwa: lithiamu. Akanyoosha mkono, Eli akampa redio, maana angefanyaje. Ndani ya kifuniko pamebandikwa karatasi ndogo yenye maandishi. Janelle akayasoma kwa sauti ya chini: alkali peke yake.

"Baba," akasema, "ulijua?"

Eli akasema alijua.

"Ukaniacha kila Jumapili nashangilia tisini na tisa."

"Ulikuwa unafurahi, mwanangu."

"Ningefurahi vipi ukiwa chini ya theluji, nami nakutafuta na redio yako imekufa?"

Eli akainamisha kichwa. Akatoa kwenye mfuko wake betri mpya za alkali, zimefungwa kwa utepe, akazitia mbele ya macho ya Janelle, akapita kwenye nguzo. Ikalia. Janelle akamwambia apite mara ya pili, kisha ya tatu. Nadhani ya tatu ilikuwa adhabu.

Kisha akauliza pakiti yake ilipo. Ilikuwa kwenye mkoba wa Eli, hakuwahi kuiacha nyumbani. Janelle akachukua betri tatu, akafungua taa ya kichwani ya Eli, ile iliyokuwa ikimulika kama jicho la paka mgonjwa, akazitia yeye mwenyewe. Alipoiwasha, hata mchana ule, Nadine alijikinga macho.

"Huku ndiko kwao?" akauliza.

"Huku ndiko kwao," Eli akajibu.

"Vizuri. Sasa beba sufuria."

Trevor alitaka kumsaidia baba yake, Janelle akamwambia sheria ni sheria. Tukaifunga mgongoni kwa Eli, akayumba, akasimama, tukaanza kupanda. Janelle alipanda nyuma yake, pale pale ambapo Eli huwa anatembea akitoa somo, na sikumwona tena akiutazama mlima kwa woga. Alikuwa akitazama sufuria.

Tulikuwa tumeingia kwenye misonobari alipomwita.

"Baba. Kama ulinyamaza habari ya betri, kuna nini kingine ulichonyamazia?"

Eli akaendelea kupanda. Niliona mabega yake yakipima mzigo.

"Baba."

Eli akasimama. Hakugeuka.

"Bitiruti," akasema. "Sisi huwa tunaitia itoe rangi kidogo, halafu tunaitoa."

Janelle akapanda mpaka akamfikia.

"Na Trevor anajua?"

"Trevor alikula bakuli tatu," Eli akasema.

Janelle akageuka nyuma, taratibu. Trevor alikuwa tayari ameanza kulegeza kamba za mkoba wake, kuipisha sufuria mgongoni kwake.