Sitaki Pesa, Nataka Fedha

Mulamwa wangu Selpher hajui kunong'ona. Akija kwako kuomba chumvi, jirani wa ng'ambo ya mto anajua kwamba kwa Selpher leo hakuna chumvi. Mulamwa ndivyo tunavyoitana huku kwetu Khayega, mimi na dada ya mume wangu, na kama hujawahi kuwa na mulamwa, basi hujui maana ya kutaniwa mpaka chai ikutoke puani. Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Yeye ana mdomo. Mume wangu Shikanga, ambaye ni kaka yake, hukaa katikati yetu akitabasamu tu kama mtu anayenyeshewa na mvua aliyoizoea.

Kazi ya Selpher ni kuoka pointi. Usicheke, ngoja nikueleze. Ndani ya stata, kile kisanduku cha kuwashia kila mota kubwa, ya kisiagi cha unga au ya kiwanda, mna vipande vidogo vya madini vinavyotazamana. Ukibonyeza kidude cha kuwasha, vinagusana, umeme unapita, mota inazunguka. Ukizima vinaachana, na kila vikiachana cheche inaruka na kuvila kidogo. Vikiliwa sana, mashine imekwisha. Mafundi wengine hununua vingine mjini. Selpher huvioka mwenyewe nyuma ya nyumba yake, kwa unga wa fedha.

Zamani alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha sukari. Kiwanda kikalala, wenzake wakarudi nyumbani na huzuni, yeye akarudi na sanduku la vifaa na maneno mengi. Akasikia kwamba wanunuzi wa dhahabu kule machimboni Rosterman huisafisha dhahabu kwa asidi, na ile fedha iliyochanganyika nayo huyeyuka ikamwagwa pamoja na maji. Akaenda na ndoo kuomba hayo maji. Walimwona amerukwa na akili. Kumbe ukitumbukiza vipande vya nyaya za shaba ndani ya maji yale, ukatulia, fedha inajitenga na kushuka chini, ya kijivujivu, laini kama unga wa wimbi. Anaiosha, anaianika, anaichekecha kwa kitambaa. Sufuria zake za kazi ameziandika kwa rangi nyekundu: MSIPIKE UJI.

Basi mwaka huu miwa ilituivia vizuri kweli. Mwaka na nusu tumeipalilia mimi na Shikanga, na safari hii ilikuwa na kazi maalumu: binti yetu Beverly amepata nafasi katika chuo cha kilimo cha Bukura, na miwa ile ndiyo iliyokuwa impeleke. Tukaikata, tukaipeleka kwa Isaiah, mwenye kiwanda kidogo cha sukari nguru hapa kwetu. Wenzetu nao wakaleta yao. Uwanja ukajaa miwa mpaka ukawa huoni lango.

Halafu stata ikaungua. Isaiah alibonyeza kuwasha, pakasikika mlio mmoja mbaya, moshi ukatoka, kimya.

Wee! Miwa ikishakatwa haingoji mtu. Inakauka, inachacha, utamu unaondoka zake. Isaiah akapiga simu huku na kule, akaambiwa stata ile ni ya kizamani, pointi zake hazitengenezwi tena, angoje mpya, labda wiki ijayo, labda ile nyingine. Nilimwangalia Beverly amekaa juu ya mzigo wa miwa yetu na koti lake la shule, na moyo wangu ukaniuma waziwazi.

"Mashine imerara," akasema mzee wa kanisa, Barnaba, ambaye naye alikuwa na mzigo wake pale. "Na sisi tutarara njaa."

"Nani alale?" Selpher alikuwa ameshafika. Alifungua ile stata, akazitoa pointi zilizoungua, akazinusa. "Isaiah, hizi nitazioka mimi. Lakini ni kubwa kuliko zile nafanyanga, na mvua imejaza mashimo ya dhahabu, wanunuzi wamekwenda kwao. Fedha niliyo nayo haitoshi. Nyinyi wote mliosimama hapo, leteni fedha!"

Barnaba ni mtu mwema. Hapohapo alivua kofia yake akaanza kuipitisha kama sadaka, na watu, maskini, wakaingiza mikono mifukoni. Noti zikaanza kudondoka kofiani. Alipomfikishia Selpher, huyu aliangalia ndani kama mtu aliyewekewa mboga iliyoungua.

"Mnanipa makaratasi ya nini? Sitaki pesa, nataka fedha!"

Watu wakatazamana. "Sasa pesa na fedha si kitu kimoja?" akauliza Barnaba.

"Fedha! Fedha yenyewe! Ile ya hereni, ya mikufu! Ile inayong'aa!"

Tulicheka mpaka Isaiah mwenyewe, aliyekuwa karibu kulia, akashika mbavu. Barnaba akawarudishia watu noti zao, na kila mtu akakimbia nyumbani kupekua masanduku. Gentrix, mke wa Isaiah, alileta hereni moja ambayo mwenzake ilipotelea kwenye arusi. Mwingine alileta mkufu wa mchumba aliyemwacha, akasema ni heri ukapigwe na umeme. Na mimi nikavua pete yangu ya ndoa.

Sikuivua kirahisi, nisikudanganye. Shikanga aliponiletea pete ile nilikuwa msichana, na alisema kwa sauti yake ya pole, "Hii ni ya fedha." Nimeringa nayo miaka yote hiyo. Kanisani nilikuwa nashika kitabu cha nyimbo kwa namna ambayo kila mtu angeiona. Lakini Beverly ni Beverly. Kidole kimoja hakivunji chawa, na pete moja ilikuwa ni kitu gani?

Selpher alikuwa na kichupa chake cha asidi na kijiti cha kioo. Kila kilicholetwa alikidondoshea tone. Hereni ya Gentrix ikapita. Mkufu wa mchumba, ajabu, ukapita. Akadondoshea pete yangu. Tone likageuka kijani.

"Mulamwa," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akinong'ona, "hii si fedha."

"Rudia!"

Akarudia. Kijani tena. Sasa uwanja mzima ulikuwa umetuzunguka. Nikamgeukia Shikanga.

"Baba Beverly! Ulinidanganya?"

"Sikukudanganya, mama."

"Ulisema ni ya fedha!"

"Ndiyo, ni ya fedha." Akakuna kichwa. "Baba yangu alitaka niipate kwa kubadilishana na kuku. Nikakataa. Nikafanya vibarua vya kukata miwa, nikalipa fedha. Fedha taslimu. Nikakuambia ni ya fedha."

Ebo! Kicheko kilichopigwa pale, nadhani hata kule Mukumu walikisikia. Barnaba alilia machozi. Selpher alikaa chini kabisa. Na mimi, badala ya kucheka, damu ilinichemka. Niliichukua pete ile nikaivurumisha kwa nguvu zangu zote. Ikaruka juu ya watu na kuzama katika rundo la makapi, yale mabaki ya miwa iliyokamuliwa ambayo Isaiah huyarundika yakauke awe anawashia moto. Rundo lenyewe ni kubwa kama nyumba. Nikaenda zangu nyumbani bila kuaga mtu.

Selpher yeye hakuwa na nafasi ya kununa. Aliyeyusha vile vyote vilivyopita, akaishusha fedha kwa shaba, akaiosha na kuichekecha. Akaushindilia ule unga ndani ya kalibu ya chuma kwa jeki ya lori mpaka ukashikana ukawa kipande kigumu. Kisha akavifukia vipande katika unga wa mkaa ili hewa isivifikie, akavioka kwenye tanuru lake huku akivuvia na kuimba pambio. Kesho yake mchana tukaitwa kiwandani. Nilikwenda, nimenuna, lakini nilikwenda.

Isaiah akabonyeza. Mota ikanguruma! Watu wakashangilia, miwa ya kwanza ikasukumwa, maji matamu yakaanza kutiririka. Kisha muwa mmoja ukakwama, Isaiah akabonyeza kuzima, na mashine ikakataa kuzimika. Akabonyeza tena. Wapi! Inatafuna tu. "Selpher! Simamisha jini lako!" alipiga kelele akizunguka kama kuku, mpaka Selpher akakimbia akauvuta ule mkono mkubwa wa umeme ukutani.

Alipofungua stata, pointi zilikuwa zimeng'ang'aniana kama kwamba zimelehemiwa.

"Najua, najua," akasema kabla hajaulizwa, kwa ukali wa mtu anayejikasirikia. "Fedha peke yake ni laini. Cheche inaiyeyusha, inanata. Mimi huchanganyanga na nikeli, ndiyo ngumu, ndiyo hukataa kunata. Nikeli imeniisha, nikasema labda Mungu atasaidia. Mungu amesema nitafute nikeli."

"Inapatikana wapi?" akauliza Isaiah.

"Nilikuwa naipata kwenye vijiti fulani vya kulehemu. Dukani vimekwisha. Ni madini meupe, yanafanana na fedha, lakini asidi ikiyagusa yanageuka..."

Akaniangalia. Mimi nikamwangalia. Sote wawili tukageuka tukaliangalia lile rundo la makapi.

"Woi, mayi," nikasema.

Hapo hasira ilinihama yote, ikaja aibu, na nyuma ya aibu ikaja hofu. Beverly wangu alikuwa amelala ndani ya lile rundo, ndivyo nilivyoona, mahali fulani ndani mle, ana ukubwa wa pete. Niliwahi wa kwanza, nikaanza kuyafukua makapi kwa mikono miwili. Watu wakaja, wengine na majembe, wengine na nyungo. Tulipekua mpaka tukawa weupe wa vumbi. Hakuna pete.

"Acheni kukoroga!" Selpher aliruka. "Mnaizamisha zaidi. Fedha haifuati sumaku. Nikeli inaifuata. Nani ana redio mbovu?"

Isaiah alikuwa na spika iliyopasuka. Selpher akaipasua zaidi, akatoa ile sumaku nzito, akaifunga kwenye ncha ya mti mwembamba kwa kamba. Na unajua ni nani aliyeuchukua ule mti? Shikanga. Alianza pembeni, akawa anauchomeka na kuuchomoa, anauchomeka na kuuchomoa, polepole, kama anavyopalilia. Ukatoka na msumari. Ukatoka na kizibo cha soda, watu wakashangilia bure. Jua likaanza kuinama kidogo na mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo, na Beverly akaja akanishika mkono.

Kisha Shikanga akauchomoa mti, akautazama, akaja nao moja kwa moja mpaka mbele yangu. Pete yangu ilikuwa imeng'ang'ania sumaku.

"Mama Beverly," akasema, "nakupa mara ya pili. Safari hii sisemi ni ya nini."

Nilicheka jamani! Nilicheka na kulia pamoja, nikamkumbatia mbele ya mzee wa kanisa, na wala sikujali. Selpher akanyoosha mkono: "Bado hamjamaliza? Leteni nikeli yangu!"

Aliisaga ile pete kwa tupa mpaka ikawa unga. Nilikaa kando yake nikatazama. Kila tupa ilipopita niliona kama inanikwaruza mimi. Akazivunja zile pointi zilizonata, akairudisha fedha yake kuwa unga upya, akachanganya unga na unga kwenye kinu kidogo, akitwanga na kuzungumza. "Unaona, mulamwa? Ukiviyeyusha hivi viwili pamoja, vinatengana. Lakini vikiwa unga, ukavishindilia, ukavioka, vinakaa. Kila kimoja kinabaki chenyewe, na hakiachi mwenziwe."

"Unasema madini au unasema mimi na kaka yako?"

"Nasema madini," akajibu, "lakini kama kiatu kinakutosha, vaa."

Safari hii alizishindilia, akazioka, akazishindilia tena. Alipozifunga katika stata, hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tumeumwa na nyoka, sasa tunaogopa ung'ongo. Isaiah akabonyeza. Tak! Mota ikanguruma. Akazima. Tak! Ikanyamaza. Akawasha, akazima, akawasha, akawa kama mtoto na kichezeo, mpaka Gentrix akamfukuza: "Hebu acha, miwa inangoja!"

Wacha wee! Kiwanda kilisaga, moto ukawashwa, sukari nguru ikachemka, harufu yake ikafika barabarani na bodaboda wakawa wanapunguza mwendo. Miwa yetu ilikuwa imepoteza utamu kidogo, lakini kidogo tu. Gentrix alichinja ingokho, kuku wa kienyeji, tukasonga obusuma, ugali wetu, na Selpher akapewa firigisi, ile ambayo kwetu hupewa mwanamume wa heshima. Aliila polepole, akihakikisha Barnaba anaona. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alijisifu na mdomo umejaa, na hakuna aliyembishia.

Beverly yuko Bukura sasa. Juzi alipiga simu akasema, "Mama, msalimie Senge," yaani shangazi yake, "mwambie hapa chuoni kuna mota ya kupandisha maji, pointi zimeanza kuungua." Selpher alijibu kutoka kwake, bila simu, na nadhani mtoto alimsikia.

Kidole changu kimebaki kitupu. Wanawake kanisani wameniuliza, na mmoja alithubutu kusema kwamba Shikanga aninunulie nyingine, ya fedha ya kweli. Nikamjibu kwamba fedha peke yake ni laini.

Kila asubuhi mimi na mume wangu tunakunywa chai mlangoni. Tunamsikia Isaiah akifungua lango, kisha kimya kidogo, kisha tak! na mashine inaitika. Shikanga huweka kikombe chini na kuniangalia kwa lile tabasamu lake.

"Mama Beverly," husema, "pete yako imeamka."