Chokaa ya Mto Naili

Harufu ya chokaa mbichi ukutani hunisimamisha njiani, katika mji wowote nitakaokuwamo.

Saruji ilikuwa haipatikani madukani, ndipo mama akawa anachoma matumbawe pale kijijini kwetu Ushongo. Alipanga magogo chini na mawe ya bahari juu, akawasha moto. Mawe yakishapoa aliyanyunyizia maji kidogo kidogo, yakapasuka na kuwa unga wa chokaa.

Shuleni ramani ya Afrika ilikuwa imeliwa na mchwa, kwa hiyo mwalimu alituchoresha bara zima uwanjani. Milima tuliifinyanga kwa udongo, mito tukaichora kwa chokaa. Mimi nilipewa Naili.

"Wewe mto wako mrefu," aliniambia. "Kesho usije na kikopo."

Asubuhi nilimkuta mama bado ananyunyiza.

"Mama, nachelewa."

"Kwani huo mto utakauka? Ngoja, mwanangu."

Sikungoja. Niliinua ndoo ya maji nikaimwaga yote kwa mkupuo. Mawe yalichemka, yakaruka, na mama alikuwa ameinama juu yake. Alipiga kelele akishika macho, akaomba maji ya kunawa. Maji yenyewe nilikuwa nimeyamaliza.

Shule sikurudi tena, maana ilibidi awepo wa kumwongoza.

Siku moja tukiwa njiani kwenda kisimani, aliniuliza, "Mto wako ulifika baharini?"

"Ulifika, mama."

"Mweupe?"

"Mweupe sana," nilisema, nikamshika mkono kumvusha jiwe lililokuwa njiani.