Ubeti Niliomwelekezea Mama Mkwe

Kwetu Bagamoyo Idi Mosi ni ya swala na pilau. Idi Pili ni ya taarabu. Mtu anaweza kuugua mwezi mzima, lakini Idi Pili ikifika saa tisa mchana atapona, atakwenda, na Idi Tatu ataendelea na ugonjwa wake alipoishia. Tunakwenda ukoo mzima kwa sare ya kitambaa kimoja, anachokichagua shangazi yangu kabla hata Ramadhani haijaandama. Mwaka ninaousimulia kilikuwa cha rangi ya embe bivu, na tulipoingia ukumbini naapa taa ziliona haya.

Kazi zimegawanywa tangu zamani: wanawake hutunza, wanaume hushika mikoba. Na kutunza kwenyewe si kumpa mwimbaji noti tu. Ukishampa, ukageuka ukamwelekea mtu, basi ubeti unaoimbwa wakati ule umemkabidhi yeye, na mji mzima ni shahidi. Shangazi aliwahi kuua urafiki wa miaka thelathini kwa kugeuza shingo.

Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na kitambi na ndevu zangu, na kwenye fasihi nilifaulu vizuri mno. Kwa hiyo nilijiona sina cha kuambiwa kuhusu ubeti.

Mwaka huo tulikuwa na mgeni, mama wa binti niliyemposa, mkulima wa kijiji cha Fukayosi. Barua ya posa ilikuwa na miezi miwili bila jibu. Yeye akaja mwenyewe, na akasema mlangoni, kabla hata ya kuvua viatu, "Barua nimesomewa. Sasa nataka kuwaona mnavyokaa." Jibu langu lilikuwa kifuani mwake, na sisi tulichotakiwa ni kuwa watu wenye adabu kwa siku tatu. Siku ya kwanza tuliimudu.

Siku ya pili shangazi akajitwika kazi ya kumstaarabisha.

"Lile sanduku lenye nyuzi linaitwa kanuni, mwenzangu," alimwambia tulipokaa. "Usishituke likilia."

"Ehee."

"Na huku hatupigi vigelegele ovyo kama kwenye ngoma za shamba. Tunausikiliza kwanza ubeti."

"Ehee," alisema mama mkwe, akaikaza kanga yake kiunoni.

Mama yangu akamkanyaga shangazi mguu. Shangazi hakuuhisi, alikuwa anaeleza fidla.

Wimbo wa tatu ulipoanza, shangazi alinigeukia. "Leo nenda katunze wewe. Mkweo aone una mkono wa kutoa. Lakini nenda ubeti huu huu wa kwanza, ni wa sifa. Wa pili usiuguse."

Nilisema ndiyo, shangazi. Kisha ubeti wa kwanza ulikuwa na tashbiha tamu kiasi kwamba nikafumba macho kuionja, kama tulivyofundishwa. Nilipoyafumbua nilikuta nimechelewa, nikakimbia. Nikamtunza mwimbaji, nikageuka, na kwa heshima zote nilizolelewa nazo nikaweka mkono kifuani, kisha nikaunyoosha kwa mama mkwe. Nilikuwa ninatabasamu. Ndipo nikasikia kinachoimbwa:

*Mgeni wa siku saba, jembe linakungojea,*
*umekula umeshiba, kuondoka wachelea.*

Ukumbi mzima uligeuka. Hata mpiga fidla aligeuka, na fidla yake ikaenda upande wa Zanzibar peke yake. Mgeni wetu alikuwa amelala kwetu usiku mmoja, amekula biriani yetu mara tatu, na jembe alikuwa nalo kwao, tena zuri.

Nilirudi kukaa. Mama alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

"Nilikwambia wa kwanza," shangazi alinong'ona.

"Nilikuwa ninaonja tashbiha."

"Sasa kaioe hiyo tashbiha."

Mama mkwe aliikaza tena kanga yake kiunoni. Alitazama mbele wimbo ukaisha, kisha akamgeukia shangazi kwa upole ambao sijawahi kuogopa mfano wake. "Mwenzangu, na sisi wa shamba tunaruhusiwa kutunza?"

"Ruhusa, da'angu, ruhusa," alisema shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliishiwa maelezo.

Wimbo uliofuata ulianza. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kumfukuza mtovu wa adabu, na sote tulijua ndio wangu. Mama mkwe hakuinuka. Alifungua taratibu fundo la pembe ya kanga, akatoa noti, akainyoosha pajani. Ubeti wa pili ulikuwa wa majirani wasengenyaji, akauacha upite. Mimi nilikuwa nimeshika mikoba minne na jasho la watu kumi. Ubeti wa tatu ulipoingia alisimama, akaenda kwa mwendo wa mtu anayepita kwao, na mstari ulipoanza noti ilikuwa tayari mkononi mwa mwimbaji na uso wake umenielekea mimi:

*Mwana akikuchafua, kiganja hatukikati,*
*maji hukimiminia, tukampa tena kiti.*

Akanionyesha kiganja chake, kikavu kabisa, akakipangusa kwenye kanga. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi Mlingotini.

Hivyo ndivyo posa yangu ilivyojibiwa, mbele ya mji, kwa kutangazwa kwamba mwanamume mzima mwenye cheti nimemnyea mkwe mkononi na nimesamehewa. Mama alilia. Shangazi alimsogezea mgeni kiti cha mbele, ambacho hajawahi kumsogezea mtu.

"Hayo umejifunzia wapi, da'angu?"

"Kwani nyie mlidhani hao waimbaji Fukayosi hawaji?" alijibu mama mkwe akikaa. "Haya, niambie tena lile sanduku linaitwaje."

Sasa kila Idi Pili anashuka mjini, na kitambaa cha sare anakichagua yeye. Mimi nashika mikoba. Wa kwake ndio mzito.