Mwani Nilioung'oa

Samaki wadogo wote wa baba walikufa mchana mmoja, nami nikasema mbuzi wa Ayeyo Halima, bibi jirani yetu, ndio waliowaua.

Juzi, nje ya Garissa, niliona bwawa lenye mwani, na harufu ile ya chumvi na matope ikanirudia. Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa mwalimu mjini Elwak, akifuga samaki uani kwetu katika kibwawa cha maji ya chumvichumvi ya kisima cha shule. Siku moja niliwaona wamejibanza chini ya mwani, nikadhani wamenaswa. Nikaung'oa wote na kuutupa nje ya ua. Sikujua kwamba ndio uliokuwa kivuli chao. Kufikia alasiri walikuwa wakielea matumbo juu, maji yakiwa ya moto, na mbuzi wa Ayeyo wakitafuna mwani ule nje ya ua.

"Mwalimu, wallahi, mbuzi yangu haikuingia hapa," Ayeyo alisema.

"Binti yangu amewaona. Kuanzia leo mbuzi wako wasinywe maji kwetu."

Ayeyo akanigeukia. "Umeona, mama?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kilikuwa kiangazi. Kesho yake Ayeyo aliwaswaga mbuzi wake kuelekea Kutulo kutafuta maji, na mpaka leo sijui kama waliyafikia maji.