Sharubati Niliyompa Bibi Siku ya Posa

Ndugu Mhariri, naomba jina langu lisionekane, maana gazeti hili hufika mpaka barazani kwetu.

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu hapa Tabora. Baba yangu ni mhudumu wa kaunta katika hoteli moja karibu na stesheni. Yeye hanywi, lakini anajua kuchanganya vinywaji vyote vya Wazungu wa zamani, vile vinavyoitwa kokteli. Mwaka jana nilimwomba anifundishe. Alikubali kwa sharti moja: tone la pombe lisivuke kizingiti, kwa sababu tunaishi na bibi, mama yake, na bibi ni mtu wa swala tano. Basi kila Jumapili tunachanganya bila kileo. Panapotakiwa jini tunatia maji ya ukwaju, panapotakiwa ramu tunatia chai ya rangi iliyokolea. Tunatikisia ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga. Baba huonja, hufumba macho, kisha husema, "Ndimu imemkaba mwenzake. Rudia." Narudia. Hata darasani vidole vyangu vinapima.

Dada yangu alipokuja kuposwa, bibi aliniambia, "Leo wageni wanywe cha mjukuu wangu. Tuone hayo makopo yanayotupigia kelele yanazaa nini."

Sukari ilikuwa haionekani dukani kwa majuma mengi, lakini asali kwetu haikosi. Nilichanganya asali, maji na ndimu siku nne kabla, ili ladha zishikane. Chupa hazikutosha, nikaenda kuazima kibuyu kwa jirani yetu, Mama Kabula. Yeye alikuwa shambani, nikakitungua mwenyewe, kama tunavyochukuliana vyombo siku zote. Nilikisuuza mara tatu.

Siku ya posa nilipokizibua kilitoa pumzi. Nilionja kidogo, ulimi ukawasha, nikafurahi. Nilidhani ni ndimu. Nikaongeza tangawizi, nikagawa.

"Shoga, hii mbona inapanda mpaka masikioni?" aliuliza rafiki yake bibi.

"Ndiyo elimu hiyo," bibi alimjibu, akanyoosha bilauri. "Niongezee, mwanafunzi!"

Baada ya bilauri ya tatu bibi yangu, ambaye alikuwa hajacheza ngoma tangu babu azikwe, alisimama akacheza lelemama mbele ya wakwe, ushungi umemwangukia begani. Wakwe walipiga makofi. Posa ikapokelewa kwa vicheko.

Kesho yake nilirudisha kibuyu. Mama Kabula alinusa mdomo wa kibuyu, akanitazama.

"Mlitia nini humu?"

Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hiki ni kibuyu cha wanzuki! Chachu imeshika ndani, hata ukisuuza mara kumi haitoki. Asali na maji siku nne, ulitegemea nini? Bibi yako amekunywa pombe, tena kali!"

Tangu siku ile situlii. Nafungua daftari nafunga, nakwenda kisimani narudi bila maji. Bibi alikuwa hajaonja kileo maisha yake yote. Sasa anamsimulia kila apitaye, na ameagiza sharubati ile ile kwa harusi ya dada. "Usibadilishe hata kidogo. Mashehe nao waonje." Nimetengeneza nyingine mara tano kwa chupa safi. Huonja, hutikisa kichwa: "Hii haina uhai."

Nikisema kweli, atajua alicheza mbele ya wakwe akiwa amelewa. Atasema baba ndiye aliyeingiza pombe nyumbani, wakati baba wa watu amejizuia miaka yote, na hata Jumapili zetu zitakwisha. Nikinyamaza, namdanganya mtu aliyenifundisha kusoma Kurani. Mama Kabula ananiambia, "Nyamaza, mtoto wa watu. Asiyejua hana dhambi." Lakini mimi najua.

Jana baada ya swala ya alasiri bibi alinishika viganja, akavisomea dua. "Mikono hii Mungu aizidishie," alisema. Nilishindwa kuitikia amina.

Mama zangu na dada zangu mnaosoma, harusi ni mwezi ujao. Natamani siku moja bibi anywe nilichokitengeneza kwa haki, akisifu. Nishaurini: nimwambie? Na kama ni kumwambia, nianze na neno gani?